Siku Thelathini za Dada Suet-ying

Marehemu Eunice Fong Suet-ying alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika mtaa wa Sham Shui Po, Hong Kong. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Fong Kam-tong, mpishi, na Bi Leung Yuk-lan, mshonaji wa glavu. Mtoto wa pili, ambaye pia ni wa mwisho, alifuata miaka mitano baadaye, na ndiye anayewasomea sasa. Mama yetu hayupo hapa makaburini. Kwa desturi yetu mzazi hamsindikizi mwanawe kaburini, kwa hiyo amebaki nyumbani, lakini simu iko wazi hapa mezani karibu na picha, naye anasikiliza. Ni yeye aliyeniagiza nisome. Nilijaribu kumwachia shemeji yangu Norbert, kisha Corinne, binti wa marehemu. Mama akaniambia, "Hang, habari za dada yako umezisimulia kwenye kila meza ya chai hapa mjini. Sasa nenda ukazisimulie na mbele yake." Basi nikikosea mahali nitasahihishwa papo hapo, mnamjua wenyewe.

Familia iliingia Marekani tarehe 2 Septemba 1976, ikapanga vyumba viwili kule Wheaton, jimbo la Maryland, juu ya duka la matairi. Baba alipata kazi jikoni kwenye mgahawa, Mama akaendelea kushona. Hakuna aliyejua Kiingereza ila Suet-ying, naye alikuwa na miezi michache tu ya shule, lakini akafanywa msemaji wa nyumba. Simu ilikuwa ukutani, juu mno kwake, kwa hiyo alipanda juu ya kreti la maziwa. Akiwa na miaka tisa alizungumza na watu wa umeme, watu wa gesi na daktari wa figo wa Baba. Kabla mtu hajaeleza shida yake, yeye aliuliza kwanza, "Nani anazungumza? Jina lako kamili, tafadhali." Kisha aliandika kwenye daftari la shule jina, tarehe na saa. Mwenye nyumba wetu alikuwa na tabia ya kupiga simu na kufoka. Siku alipoulizwa hivyo na sauti ya mtoto alijikuta anataja majina yake yote matatu, na la katikati lilikuwa Percival. Toka siku hiyo Baba hakumwogopa tena, na sisi nyumbani tulimwita Percival mpaka alipouza jengo.

Marehemu alimaliza shule ya sekondari hapa Rockville mwezi Juni 1986. Alipata shahada ya historia katika Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1990, na mwaka 1995 akamaliza sheria kwa masomo ya jioni mjini Washington, huku akifanya kazi mchana. Insha zangu zote za shule zilipita chini ya kalamu yake nyekundu. Hata barua niliyomwandikia msichana mmoja nikiwa darasa la kumi ilinirudia na masahihisho matano, na msichana mwenyewe hakuwahi kuipata. Katika nyumba yetu hakuna karatasi ya Kiingereza iliyotoka mlangoni kabla Suet-ying hajaipitia. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotufikisha tulipofika.

Tarehe 8 Februari 1993 aliajiriwa kama karani katika tume ya mawasiliano, kitengo cha leseni za simu za ng'ambo. Baada ya kumaliza sheria akawa mkaguzi, na hapo alikaa mpaka ugonjwa ulipomtoa. Wengi tulikuwa hatujui anafanya nini. Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake anatengeneza simu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni inayomilikiwa na watu wa nje ikitaka kupitisha simu za watu wa nchi hii, huomba ruhusa, na lazima ieleze ni nani hasa anayeimiliki. Mwenye mitambo anaweza kujua nani kampigia nani, saa ngapi na kwa muda gani, hata asiposikiliza neno lolote. Marehemu alikuwa akichora visanduku nyuma ya kalenda za zamani za duka la vyakula: kampuni hii inamilikiwa na ile, ile na nyingine, nyingine na serikali fulani au tajiri fulani. Hakuridhika mpaka afike kisanduku cha juu kabisa. Mkuu wake, Bwana Delbert Ostrander, ambaye tuko naye hapa, anapenda kusimulia jinsi mwaka 2006 marehemu alivyofuata umiliki wa kampuni moja kwa simu saba, kutoka kisiwa hadi kisiwa, akiuliza kila aliyepokea, "Na juu yako yuko nani?" Simu ya saba ilipokelewa na msichana wa mapokezi wa daktari wa meno. Kampuni hiyo haikupata leseni, ila daktari alimkaribisha aje asafishwe meno.

Alifunga ndoa tarehe 17 Oktoba 1998 na Norbert Szymanski, fundi wa piano kutoka Baltimore. Norbert alikuwa ametumwa kwa jirani, akabonyeza kengele isiyo yake. Suet-ying alimhoji mlango ukiwa umefungwa: jina kamili, nani kamtuma, na aliyemtuma katumwa na nani. Norbert anasema hajawahi kuulizwa maswali mazuri kama yale, na kwamba aliporudi wiki iliyofuata hakuwa amekosea mlango. Tarehe 3 Juni 2001 walijaliwa binti mmoja, Corinne Man-yi. Nyumba yao ilikuwa na piano tatu, zote zikiwa za watu wengine.

Sasa nimefika sehemu ambayo Mama anaisubiri.

Mwaka 2004 niliajiriwa na kampuni ya simu ya Daraja la Mwezi, kwenye duka lake hapa Rockville. Wengi wenu mlinunua laini na kadi kwangu. Bei ilikuwa nafuu, sauti ilikuwa safi, na bibi zenu kule nyumbani walisikika vizuri kuliko watu wa chumba cha pili. Kampuni ilikuwa na visanduku vingi juu yake, na cha juu kabisa kilikuwa cha serikali ya ng'ambo. Hilo halikuwa siri. Ilipewa leseni kwa sharti kwamba itaandika barua ya ahadi: kumbukumbu za wateja zitakaa humu nchini, hakuna mtu wa nje atakayezifungua, na raia mmoja wa Marekani atakuwa ofisa usalama wa kulisimamia hilo. Kila Januari ofisa huyo aliandika ripoti. Jambo likibadilika katikati, kampuni ilikuwa na siku thelathini za kutoa taarifa. Mwaka 2011 raia huyo nikawa mimi. Nilipata chumba changu nyuma ya duka, na jina langu kwenye kibao cha shaba mlangoni.

Suet-ying alinipongeza. Siku ya pili yake alimwandikia Bwana Ostrander kwamba mdogo wake yumo katika kampuni hiyo, na jalada letu likaondolewa mezani kwake, asiliguse tena. Mimi aliniambia jambo moja tu, tukiosha vyombo kwa Mama. "Hang, kila mwaka kabla hujasaini, kaa wewe mwenyewe kwenye hiyo kompyuta, utazame nani anaingia. Usipotazama wewe, hakuna mwingine anayetazama." Nikamwambia sawa, Dada.

Mwaka wa kwanza nilitazama. Mwaka wa pili nilikuwa na haraka, nikachukua ripoti ya mwaka uliopita, nikabadili tarehe, na kwenye kila kipengele nikaandika: hakuna mabadiliko. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaka wa tatu hiyo ikawa ndiyo njia yenyewe, na mchana wa siku hiyo nikawa naenda zangu kula tambi mapema. Mwezi Juni 2017 fundi wetu mkuu, Hollis Pruett, alistaafu na kuhamia Delaware. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la siri la kufungulia kumbukumbu za wateja. Tulimfanyia karamu, familia yangu yote ikaalikwa, Mama akaleta bata wa kuchoma, na Pruett akalia machozi huku ameshika paja la bata. Januari iliyofuata ripoti yangu ilisema msimamizi wa kumbukumbu ni Hollis Pruett. Na iliyofuata pia.

Tarehe 24 Januari 2020 ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya wetu, nasi tulikuwa mezani kwa Mama. Ripoti ilitakiwa wiki ile, kwa hiyo nilikuja nayo. Kwa mazoea ya miaka arobaini, nikamsogezea dada yangu karatasi karibu na sahani ya samaki.

"Dada, nipitishie macho. Kiingereza tu."

Aliirudisha kwa ncha ya kidole. "Hiyo siigusi, na unajua."

Lakini jina lilikuwa kwenye mstari wa juu, na macho yake yalizoea kuanzia juu. Alitafuna polepole. "Huyu Pruett si ndiye tuliyemla bata wake?"

"Ndiye. Ni fomu tu hiyo, Dada. Hakuna mabadiliko."

"Kastaafu mwaka wa tatu huu. Neno lake la siri analitumia nani?"

Nikacheka. Nikamwambia aache ukaguzi walau sikukuu, samaki anapoa. Mama akaniunga mkono, kama kawaida yake kwa mtoto wa kiume, akamwekea Suet-ying kipande cha keki ya figili ili mdomo upate kazi. Mama, usinikatize, wewe mwenyewe umesema niseme yote. Suet-ying alikula, akasaidia kuondoa vyombo. Nilimfuata mlangoni akivaa viatu, akanena bila kuinua kichwa.

"Barua yenu inawapa siku thelathini. Na mimi nakupa hizo hizo. Ukienda kusema mwenyewe, ni kosa lililosahihishwa. Nikienda mimi, ni kesi."

Tarehe 31 Januari niliipeleka ripoti kama ilivyokuwa. Siku ya kumi alipiga simu, nikamwambia niko na mteja. Siku ya ishirini alipiga tena, nikamwambia aache kunifanya mtoto. Siku ya thelathini ilikuwa Jumapili, tarehe 23 Februari. Alikuja dukani, akapanga foleni nyuma ya Bi Kwan, akasubiri mpaka Bi Kwan alipomaliza kusimulia magoti yake. Alipofika mbele yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Umewaambia?" Nikamwuliza kama anataka kadi. Akanunua kadi moja, akashukuru, akatoka. Mpaka leo nashindwa kuelewa kwa nini niliona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi aliandika kila alichokiona mezani kwa Mama, akampelekea mkuu wake.

Uchunguzi ulichukua zaidi ya mwaka. Neno la siri la Pruett lilikuwa likitumiwa na mafundi wa ofisi moja ng'ambo tangu mwezi aliostaafu. Walikuwa wakifungua kumbukumbu za simu kila juma: nani, kwa nani, saa ngapi, dakika ngapi. Walizitumia kufanya nini, hatujaambiwa, na sidhani kama tutaambiwa. Lakini Bwana Szeto, fundi saa, umekaa mstari wa pili, na wewe ulijua kabla ya serikali. Mwaka 2019 uliegemea kaunta yangu ukanieleza kwamba mpwa wako aliitwa ofisini na wakubwa kule nyumbani, akaulizwa juu ya simu ya Jumanne fulani mliyoijua ninyi wawili tu. Uliniuliza imewezekanaje. Nikakuambia mtandao wetu ni salama, nikakupa kadi ya bure. Mpwa wako alipoteza kazi ya ualimu. Kompyuta ya kuangalia ilikuwa hatua sita kutoka pale tuliposimama. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na ukikataa nitaelewa.

Ndani ya kumbukumbu hizo zilikuwamo pia za Mama. Kila Jumapili, saa mbili na dakika kumi usiku, na mdogo wake aliyeko Guangzhou. Kwa miaka karibu mitatu kuna mtu asiyemjua alikuwa anaweza kuona siku ambazo mama yangu alizungumza muda mrefu, na siku ambazo dada hao walinuniana wakakata baada ya dakika mbili.

Tarehe 9 Novemba 2021 leseni ya Daraja la Mwezi ilifutwa, tukapewa siku sitini za kufunga. Wafanyakazi arobaini na watatu walirudi nyumbani, mimi nikiwa mmoja wao. Sikushtakiwa, ila nilizuiwa kushika kazi kama ile tena. Kibao cha shaba niliking'oa mwenyewe kwa bisibisi.

Na hapa mnajua kilichofuata, maana mlishiriki. Simu za nyumbani zikawa ghali, laini zikawa za kukatika, na watu walihitaji wa kumlaumu. Kwenye meza za mchezo wa vigae dada yangu akaitwa Bibi Kata-Simu. Dukani mama mmoja alimwuliza mbele ya mizani ya samaki kama sasa wazee watumie njiwa. Suet-ying alimjibu, "Njiwa nao inabidi nijue wanafugwa na nani," akalipa, akaondoka. Watu waliisimulia kama jeuri. Kumbe aliketi garini karibu nusu saa, ufunguo mkononi, ndipo akaendesha, Corinne alikuwa naye.

Jina lile sikulibuni mimi. Mimi nilitoa kilichowapa watu haki ya kulitumia. Nilisema kila mahali kwamba dada yangu aliniuza ili apate cheo, na kwamba aliinyemelea karatasi yangu mezani kwa mama yetu, siku ya sikukuu. Sikusema kwamba nilimpa mwenyewe. Siku thelathini sikuzitaja hata mara moja. Nilikuwa mwuza kadi kwa miaka mingi, najua jinsi ya kusimulia jambo mpaka mtu atie mkono mfukoni. Mliniamini, mkaninunulia chai. Yeye sheria za kazi zilimkataza kuzungumzia jambo lile, na nilijua zinamkataza, na kujua huko kulinipa ujasiri.

Kwa miaka mitatu tulikula Mwaka Mpya mara mbili. Mama alipika mchana kwa ajili ya Suet-ying, akapika jioni kwa ajili yangu, akiwa na miaka themanini na zaidi, na samaki wawili wazima kwa sababu samaki wa Mwaka Mpya akishaliwa upande hawekwi tena mezani. Mwaka huu wa mwisho alichomwa na mafuta mkononi. Nilimwuliza kwa nini asinunue chakula cha tayari. Akanijibu kwamba chakula cha tayari anacho, asicho nacho ni meza moja.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho tarehe 30 Agosti 2023. Alitibiwa hospitalini miezi mitano, kisha akaomba arudi nyumbani kwake. Mama aliniambia siku ile ile ya Agosti. Nilimjibu kwamba nitakwenda mwisho wa wiki. Niliendelea kusema mwisho wa wiki mpaka miti ya mtaani kwao ikapukutisha majani yote, na ikachipua mengine. Mara mbili niliendesha hadi kwao. Mara ya kwanza niliona gari la Norbert nikageuza. Mara ya pili sikuona gari lolote nikageuza vile vile.

Tarehe 9 Aprili mwaka huu, Jumanne, niliipigia simu ya nyumba yao. Nilitegemea Norbert apokee, nimwulize hali. Alipokea yeye. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Nani anazungumza? Jina lako kamili, tafadhali."

Alilisema lile lile, ingawa namba yangu ilikuwa ikionekana mbele yake, kwa sauti ile ya juu ya kreti la maziwa. Alikuwa ananitania. Alikuwa amenifungulia mlango mpana kadiri alivyoweza, nami nilichotakiwa ni kutaja jina. Nilivuta pumzi. Nikakata simu.

Alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 20 Aprili 2024, saa mbili na nusu asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa kitandani pake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwezi mmoja na siku sita.

Jumanne iliyopita Bwana Ostrander alileta vitu vyake vya ofisini kwa Mama: kikombe, kalenda zilizojaa visanduku, viatu vya kubadilishia. Mama alimpa chai, akaniita nitafsiri, kwa sababu sasa hana mwingine. Kwa hiyo niliyasikia kwa Kiingereza, kisha ikanibidi niyarudie kwa mdomo wangu mwenyewe kwa lugha yetu, neno kwa neno, Mama akinitazama. Cheo nilichowaambia kwamba dada yangu alikipata, naibu mkuu wa kitengo, kweli kilikuwa chake. Alikuwa amepangiwa kukianza mwezi Machi 2020. Hakukipata. Aliitwa mbele ya watu watatu akaulizwa kwa nini alijua jambo tarehe 24 Januari akalitolea taarifa tarehe 24 Februari, wakati kila siku iliyopita kumbukumbu za watu zilikuwa zikiendelea kuchukuliwa. Bwana Ostrander alikuwamo chumbani. Anasema hakujitetea kwa kifungu chochote, ingawa alivijua vyote. Alisema, "Nilikuwa nampa mdogo wangu nafasi." Wakamwuliza kama anatambua madhara ya mwezi huo mmoja. Akasema anayatambua, na kwamba ni yake yeye. Barua ya onyo ikawekwa kwenye jalada lake, akakaa kwenye meza ile ile mpaka mwisho.

Nilipomaliza kutafsiri, Mama hakunigombeza. Alikwenda jikoni akafungua maji ya bomba, akayaacha yatiririke. Ningependa angenipiga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, miaka mitatu mmemwita Bibi Kata-Simu mtu aliyevunja kanuni mara moja tu katika miaka thelathini, na aliivunja kwa ajili yangu. Kama alikosa, alikosa kwa kunisubiri. Bwana Szeto, kukusubirisha wewe mwezi ule mzima ndiko kulikomnyima usingizi, Norbert ataniwia radhi kwa kulitoa nje. Hilo nalo linatoka kwangu.

Corinne aliniletea daftari jana. Mama yake hakuacha kuandika simu, hata hawa wa kuuza bima aliwaandika. Ukurasa wa mwisho una mistari michache, mwandiko ukiwa umelala upande. Wa mwisho kabisa unasema: "9 Aprili, saa kumi na dakika kumi alasiri. Fong Wing-hang. Hakusema kitu. Atapiga tena."

Langoni mtapewa bahasha nyeupe yenye peremende na sarafu, kama ilivyo desturi. Kuleni peremende kabla hamjafika nyumbani. Mama anawakaribisha nyote chakula saa saba, na amesema meza ni moja.

Marehemu amemwacha mama yake, Bi Leung Yuk-lan. Mumewe, Norbert Szymanski. Binti yake, Corinne Man-yi. Mama yake mdogo, Bi Leung Yuk-fong wa Guangzhou. Na mdogo wake mmoja.

Dada, leo ni Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2024, saa tano asubuhi. Anayezungumza ni Fong Wing-hang, mdogo wako. Kuna mabadiliko, nami nayatolea taarifa: niliyowaambia watu juu yako hayakuwa kweli, na sasa wameyasikia kwangu, na Mama yuko kwenye simu ni shahidi. Siku thelathini zako zilikwisha zamani. Pumzika, Dada. Nimechelewa.